Hodi Mikokoni

Kijana aliyekalia meza yangu kule kata alinipigia simu akaniuliza swali moja tu. "Madam, hawa walinzi wa mikoko wa Nandope mbona wanapiga hodi? Niwakataze vipi?" Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Nikamwambia nitamwandikia, kwa kuwa yeye ana haraka na mimi nina nafasi. Uongo mtupu. Nafasi sina, nina muda tu, na muda wenyewe unaniwasha mwili mzima. Mtu aliyezoea kuamka na kugombana na watu huwezi kumweka Shangani, hapa mjini, amwagilie maua. Jioni natembea ufukweni na wastaafu wenzangu, wao wanazungumza habari za presha na wajukuu, mimi mawazo yangu yako kule mto Ruvuma unakoingia baharini, najiuliza kama kisima cha Nandope bado kina maji matamu.

Basi nawaandikia ninyi vijana wa maendeleo ya jamii, mnaopangiwa vijiji msivyovijua. Vyeo sitavitaja, vilikuja vilipojisikia kuja. Mshahara nao tuuache, nisije nikapandisha presha na mimi nikawa na la kuzungumza ufukweni.

Jina langu ni Tusekile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtoto wa migomba na ukungu. Nilianzia Nanyamba, kwenye korosho. Huko nilijifunza kuvumilia salfa machoni na kula ugali wa muhogo bila kukunja uso. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ngonyani, mtu mfupi, mkali, aliyekuwa anakaribia kustaafu. Hakuwahi kunipa semina hata moja. Alichokuwa anasema ni hiki: "Binti, ukifika kwa watu usianze kusema kabla hawajakuuliza umelala wapi. Na usiende popote bila viatu vya kuchafuka." Alipoondoka aliniachia gambuti zake nyeusi. Zilikuwa kubwa mno kwangu, nikawa nazijaza vitambaa kwenye vidole. Nimezivaa miaka yangu yote ya kazi, zikazibwa kwa mafundi wa baiskeli, nikazivaa tena.

Siku niliyohamishiwa pwani, bodaboda alinishusha Nandope kichwa kikiwa kimejaa mchanga. Watu walidhani mimi ndiye nesi waliyemwomba. Mama mmoja akanikabidhi mtoto anayeharisha kabla sijafungua mdomo. Nilipoeleza kwamba mimi si nesi, ni afisa maendeleo, nyuso zikashuka, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Aa, huyu wa maneno." Ndivyo nilivyopokelewa.

Aliyenisogelea ni Bi Somoe, mkulima wa mpunga na muhogo, mwenyekiti wa Umoja wa Wakazi. Umoja wenyewe wakati huo ulikuwa wa kuzikana na kubadilisha makuti ya msikiti. Aliniuliza nimelala wapi. Nikamjibu. Ndipo akanipa vikombe viwili vya maji. Nikanywa cha kwanza, nikatema bila kutaka. Chumvi!

"Hicho ni kisima cha kule chini, n'toni," akasema. "Sisi tulizaliwa tukakikuta kitamu. Watu wa kitongoji kile wamehama wote. Kunywa cha pili."

Cha pili kilikuwa kitamu, maji mepesi, yana ubaridi wake. Bi Somoe akanishika mkono akanipeleka kukiona kisima chenyewe. Kipo nyuma ya majaruba ya mpunga, na mbele ya majaruba kuna ukanda wa mikoko, na mbele ya mikoko ni mlango wa mto, ambao leo uko hapa, mwakani umesogea. Mikoko ndiyo inayozuia bahari isiingie mashambani. Kule chini ilikatwa, chumvi ikapanda. Huku ilikuwa bado imesimama, ila ukitazama vizuri unaona mapengo.

"Hiki kikiharibika hatuna kingine," akasema. "Tutahama twende wapi? Wazazi wetu wamelala hapa."

Tangu siku ile sikupata utulivu. Nasema kweli. Nilikuwa na vijiji vingine, vyenye shida zake, lakini nikiamka kitu cha kwanza ni kisima cha Nandope.

Tukaugeuza Umoja kuwa wa kulinda kijiji. Wanawake walikusanya mbegu za mkoko, zile ndefu kama maganda ya mlonge, tukawa tunangoja maji yakupwe, tunaingia kwenye tope mpaka magotini, tunachomeka. Kaa wakala nyingine, mawimbi yakang'oa nyingine, tukachomeka tena. Kazi ya mikoko haina sherehe, vijana. Unapanda kitu, unarudi unakuta nusu, unashukuru. Lakini mapengo yaliendelea kuongezeka upande wa pili, kwa shoka. Tunapanda mche wa kidole, mtu anaangusha mti wa miaka.

Tukaunda doria. Nilifurahi sana na ile doria. Nikawatafutia vizibao vya kung'aa na filimbi, wanaume kwa wanawake, wakagawana zamu. Zikapita wiki na wiki, hawajamkamata hata mtu mmoja, na visiki vibichi kila mahali. Nikasema hapa kuna mchezo. Asubuhi moja nikavaa gambuti zangu nikaungana nao.

Tumefika ukingoni mwa mikoko, kiongozi wa zamu akasimama, akakohoa, akapaza sauti: "Hodi! Hodi jamani huko ndani!" Wenzake nao, "Hodi, hodi!" Kisha wakasimama wanangoja kwa adabu zote, mikono nyuma. Tukasikia watu wanakimbia kwenye maji, chwa chwa chwa, mpaka kimya. Ndipo wakasema, "Haya, tuingie."

Nilitaka kulia. "Ninyi ni doria au ni wageni wa posa?" niliwauliza. "Mwizi anapigiwa hodi?"

Walinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesema tusi mbele ya watoto. Bi Somoe akanivuta pembeni. "Madam, humo watu wanaingia kwa mengi. Kuna anayeokota kuni kavu, kuna anayejisitiri. Utamwingilia mtu mzima bila hodi, umkute alivyo? Kesho mtaonanaje?"

"Na anayekata?"

"Huyo naye ni mtu."

Nilipanda pikipiki nikaondoka bila kuaga, na ukijua watu wa kule utajua kwamba hilo nalo lilizungumzwa zaidi kuliko mikoko.

Ubaya ni kwamba kila mtu alimjua anayekata. Alikuwa Mahamudu, Mmakua, mchoma chokaa. Tanuri lake lilikuwa nyuma ya nyumba yake, na mkoko unawaka moto mkali usio na mfano kwa kazi ile. Si mtu mbaya, Mahamudu. Msikiti aliupaka chokaa yeye bure, makaburi alikuwa wa kwanza kuchimba, na nusu ya kijiji ni shemeji zake, maana dada zake wameolewa kila kona. Sasa nani amwambie? Muhali, ndugu zangu. Hakuna kitabu cha chuo kilichonifundisha habari ya muhali. Mtu anaona kisima chake kinakufa, na bado anaona aibu kumwambia shemeji yake aweke shoka chini.

Tukaitisha mkutano kwenye baraza ya zahanati. Watu wakalalamika kwa uchungu, lakini wote wakasema "kuna watu". Kuna watu wanakata. Kuna watu hawaoni huruma. Hao watu wajirekebishe. Mwisho akasimama Mahamudu mwenyewe, kofia yake safi kichwani, akasema, "Mimi naunga mkono. Hao watu wanatuumiza sana." Akapigiwa makofi! Nilimtazama Bi Somoe, naye akatazama dari.

Baada ya mkutano nikamwambia Bi Somoe sina budi kuwaita watu wa misitu, waje wamchukue. Simu ilikuwa mkononi. Akasema taratibu, "Piga. Wakimfunga Mahamudu, Umoja umekwisha. Hakuna mtu atakayekuja kupanda na mwenye kumfungisha ndugu yake. Na wewe utarudi mjini kwako." Sikupiga. Lakini nilikasirika, nikamkasirikia yeye, nikaikasirikia na adabu yao yote. Niliona wanazama huku wameshikana mikono.

Haukupita muda, mama yake Mahamudu, Bi Hadija, akafariki. Bibi mwembamba, mcheshi, aliyekuwa ananiita "Mnyakyusa wangu". Nilikwenda msibani nikakaa mkekani na wanawake. Wanaume walikwenda kuzika wakarudi, wali ukaanza kupakuliwa. Mahamudu alikuwa amekaa mlangoni, macho mekundu, hasemi na mtu.

Hapo akaingia Fatu. Huyu Fatu ni mkaanga samaki, Myao wa kuolewa, mnene, sauti ya kuita kivuko. Kichwani alibeba beseni lake la samaki, limefunikwa kanga. Alikwenda mpaka katikati ya ua, akalitua, akaanza kulia kwa sauti, ile ya msiba hasa. "Wanangu mimi! Wanangu wameuawa! Uuwi! Nani atanizikia wanangu?"

Nikadhani kapatwa na jambo. Akafunua beseni, akaanza kutoa visiki vya mkoko, kimoja kimoja, kila kimoja kimeviringishwa kitambaa cheupe kama sanda. Akavilaza kwa mstari mbele ya miguu ya Mahamudu.

"Mmakua wewe!" akapiga kelele. "Umemzika mama yako, vizuri. Hawa je? Umewaua, wazike!"

Mimi nikajiandaa kuona ngumi. Nilisahau, au sikujua vizuri, kwamba Myao kwa Mmakua ni mtani, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata kadhi hana. Mwanamke mmoja pembeni yangu akabana kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Mwingine akapasuka. Ghafla watu wote wanacheka, wazee kwa watoto, matanga yamegeuka vichekesho.

Fatu hakucheka. Akakaa chini mbele ya Mahamudu, karibu kabisa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mtani, maji ya kumwoshea mama yako tumeteka wapi?"

Mahamudu akavitazama vile visiki.

"Nimeteka mimi, kisima kilekile. Mama kaondoka safi, ananukia. Wewe siku yako ikifika nitakuosha na nini? Na maji ya n'toni? Nikuoshe na chumvi kama pweza, ufike ahera unajikuna?"

Watu wakaangua kicheko tena, na Mahamudu mwenyewe akacheka. Alicheka kichwa kikiwa kimeinama, kisha nikaona si kicheko tena, ni kilio, mtu mzima analia kwa sauti mbele za watu, na Fatu amemshika goti. Nami nililia. Nilimlilia Bi Hadija, na kisima, na hasira zangu zote za bure.

Alipojifuta, Fatu akanyoosha mkono. "Haya, kifungua mlango cha mtani. Sitaki kuku, sitaki wali. Nipe shoka." Mahamudu akainuka, akaingia ndani, akaleta shoka. Kitu alichochukua mtani hakirudi na hakidaiwi. Fatu akaliweka kwenye beseni, akajitwika, akaondoka zake akiimba. Kesho yake alikuwa analipasulia kuni za mwarobaini za kukaangia samaki, mbele ya njia ya msikitini, Mahamudu akipita anamwona.

Vijana, sheria ndogo zilikuwepo, faini zilikuwepo, vizibao vilikuwepo. Kilichokuwa hakipo ni mtu mwenye ruhusa ya kusema. Bi Somoe aliliona hilo kabla yangu, tena papo hapo kwenye wali. Siku zilizofuata akapanga zamu upya: mlinzi asiwe ndugu wala shemeji wa wanaookota kuni zamu ile, awe mtani wao. Myao awaangalie Wamakua, Mmakua awaangalie Wayao, na Wamakonde wakatafutiwa wa kwao. Hodi hawakuiacha. Lakini sasa hodi ilikuja na maneno. "Hodi humo, mwizi wa miti! Vaa suruali naingia!" Na walikuwa wanaingia kweli. Aliyekutwa na panga alisimuliwa kijiji kizima mpaka futari ya mwaka uliofuata. Mahamudu alihamia kuchoma chokaa kwa makumbi ya nazi na matawi ya mikorosho iliyozeeka. Alinung'unika kwamba moto ni mbovu, na alikuwa anasema kweli. Siku za kupanda alikuja na jembe.

Sasa msije mkadhani kwamba yote yaliisha vizuri. Wako waliotoka vijiji vingine wakakata, hao hawakuwa na mtani. Mvua moja mbaya mto ulikula ukingo, ukaondoka na miche tuliyoipanda kwa msimu mzima. Nilisimama pale nikitazama maji ya udongo yakipita, nikasema hii kazi ni ya wendawazimu. Bi Somoe aliyekuwa karibu yangu akasema, "Ndiyo. Maji yakikupwa tunaanza tena." Huwezi kulala usingizi mzuri na kazi kama hiyo. Sikulala vizuri, na sasa nimestaafu silali vizuri pia.

Siku ya kuniaga walipika pilau. Wakasema mazuri, mengine si ya kweli. Ndipo akasimama Fatu. "Huyu Mnyakyusa," akasema, "kakaa kwetu miaka yote hana mtani. Ndiyo maana hasira zake hazikupata wa kuzipunguza. Kuanzia leo mtani wake ni mimi, anayepinga aseme." Hakuna aliyepinga. Akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa, akainama, akanivua gambuti. Zile za Mzee Ngonyani! Nilikuwa nimetoka nazo mikokoni kuaga miti yangu.

"Fatu, hizo hapana," nikasema. "Hizo ni kumbukumbu."

"Zimechukuliwa na mtani," akasema. Nikarudi mjini na kandambili za kuazima, watu wanacheka mpaka pikipiki inapotea.

Nilichoomba mimi ni kitu kimoja. Nilimwambia Fatu kila bodaboda anayekuja mjini ampe chupa ya maji ya kisima aniletee. Akakubali. Nikawa naletewa, naonja, nashusha pumzi. Wastaafu wenzangu wanapima presha, mimi napima chupa.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, kijana wangu, chai imepoa mezani, bodaboda wa Nandope akagonga geti na chupa. Nikaifungua palepale, nikanywa.

Chumvi.

Nikanywa tena, nikidhani ni mdomo. Chumvi. Sijui kama nilifunga mlango. Nakumbuka nilimwambia yule bodaboda, "Geuza, twende," naye akasema ana mzigo wa sokoni, nikamwambia mzigo utangoja. Tukashika barabara ya Kilambo kuelekea Nandope, mimi nikiwa na kanga ya nyumbani na kandambili, natukana moyoni, namtukana mto, namtukana yule kijana wa kata, yaani wewe, samahani, namtukana na Mungu kidogo. Niliona majaruba meupe kwa chumvi. Niliona Bi Somoe anafunga mikeka.

Nilifika nikakimbilia kisimani. Na umri wangu huu! Pale kulikuwa na wanawake wengi, wamekaa, ndoo zimejaa, hawana wasiwasi wowote. Na katikati yao Fatu.

"Fatu, maji!" nikasema. "Maji yamefanya nini?"

Akachota kwa kopo, akanipa. Nikanywa. Matamu. Mepesi, yana ubaridi wake, kama siku ya kwanza.

"Chumvi nimetia mimi," akasema Fatu. "Ya mezani, nimenunua dukani."

Wanawake walianguka kwa kicheko. Mwingine alilala chini kabisa. Bi Somoe, mtu mzima na heshima zake, alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nilimtazama Fatu, nikatamani kumpiga na lile kopo. Nilitamani kweli. Lakini ni mtani, na mtani hakasirikiwi, na alijua kwamba najua.

"Ungekufa Shangani kwa kukaa," akaniambia, sasa bila mzaha. "Kila siku chupa, chupa. Maji hayaulizwi kwa chupa, Mnyakyusa. Leo bahari imekupwa, na watu wa kupanda hawatoshi. Mto umesogea."

Nikageuka nikatazama. Ulikuwa umesogea. Ulikuwa karibu kuliko nilivyouacha, unang'aa kati ya shina na shina pale ambapo zamani ulikuwa huuoni kabisa. Hasira ikaniishia. Mahamudu alikuwa ameshaanza kushuka na kikapu cha mbegu begani, na wewe, kijana wa kata, ulikuwa nyuma yake na viatu vyako vyeusi vya ofisi. Hukuniona, nilikuona.

Fatu akaleta gambuti zangu. Zimeoshwa, na ndani ya vidole amejaza vitambaa vipya.

"Nakuazima," akasema. "Ni zangu."

Nikavaa, nikachukua kikapu, nikafika ukingoni mwa mikoko, nikasimama, nikakohoa. Halafu nikapiga hodi.